Saa ya Bi. Shamsa

Nimeweka chini bisibisi zangu, na vijana wawili ninaowaachia meza wamenitaka niandike machache kuhusu kazi ya saa, wapate kuyasoma siku ambazo wateja hawaji. Wamenitaka hasa nieleze kwa nini kila iletwapo saa yenye shaba, kabla sijaifungua wala kuitegea sikio, mimi huuliza kwanza ni nani huisafisha nyumbani na kwa kitu gani. Wao huliona hilo kuwa swali la uzee. Jibu lake ni refu kidogo, na sipendi kulitoa, kwa kuwa ndani yake yumo mama yangu, na imo aibu ambayo miaka yote hii haijakubali kuwa hadithi ya kuchekesha. Nitalieleza kwa utaratibu wake. Habari za mshahara na za kupandishwa cheo hamtazipata humu. Za kwanza hazikunenepesha mtu, na za pili katika duka la watu wawili hazina maana.

Nilianza kazi miaka michache kabla ya uhuru, nikiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, mtoto wa chuo cha Kurani na si wa skuli. Nilikuwa nimesoma nahau ya Kiarabu na fiqhi, na nimeonja falaki kiasi cha kuweza kukadiria kuchwa kwa jua kwa hesabu bila kulitazama. Mwalimu wangu alinichukua mwenyewe mpaka Kisauni, kwenye chumba kimoja kilichoelekea barabara ya Malindi, akanikabidhi kwa Fundi Athmani kwa maneno haya: "Huyu anajua jua linazama wakati gani. Mfundishe kuiambia saa."

Fundi Athmani alikuwa mwembamba, mtafuna tambuu, na msemaji wa maneno machache ambayo mengi yake yalikuwa ya kukemea. Alinitazama vidole kabla ya kunitazama uso.

"Mikono yako safi?"

"Nina udhu, Fundi."

"Udhu ni wa kusalia. Nenda kaoshe kwa sabuni."

Miezi ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa saa iliyo hai. Nilichonga vijiti vya mwanzi mpaka vikawa na ncha kama sindano, nikavizungusha ndani ya matundu ya mabamba ya saa zilizokufa, nikavitoa vyeusi, nikavichonga upya, mpaka kijiti kilipotoka kikiwa cheupe kama kilivyoingia. Hiyo ndiyo alifu ya kazi hii, na ninyi wawili mnaikimbia. Nilijifunza kwamba tone la mafuta ni dogo kuliko unavyodhani, na kwamba ukilitia la pili umeanza kuua saa. Nilijifunza kusikiliza mwendo: saa iliyokaa sawa hutembea kama mtu asiyechechemea, na iliyopotoka hata kwa unene wa karatasi huanza kuvuta mguu. Tulipakana na mashine ya kusaga mahindi iliyotetemesha ukuta kuanzia asubuhi, na kwa sababu hiyo saa zote zenye timazi, yaani ule uzito unaoyumba, tulizipima Ijumaa tu, mashine ilipofungwa kwa ajili ya sala.

Kila mteja aliulizwa mlangoni: "Saa yako ni ya magharibi au ya kazini?" Maana nyumba za wenyeji zilikuwa bado zikiweka akrabu zote mbili, yaani mishale ya saa, juu kabisa jua linapozama, zikaanza kuhesabu siku hapo, nao watu wa bandarini na wa ofisini walifuata king'ora. Ukikosea kuuliza, umerudisha saa nzima yenye kusema uongo. Mimi, kwa falaki yangu, nilipewa saa za magharibi, na ndivyo nilivyokuja kutumwa kwa Bi. Shamsa.

Hapa inanilazimu kueleza jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likielezwa. Nyumba ya Bi. Shamsa ilikuwa ya wafanyabiashara wa zamani, nyumba ya mawe yenye ukumbi mrefu, na yeye ndiye binti aliyebaki humo baada ya wazee wake kufariki na mumewe pia. Nyanya yangu mzaa mama, aliyeitwa Faida, alikuwa mjakazi wa nyumba hiyo. Serikali ilipoufuta utumwa, hakuwa na pa kwenda, akabaki palepale kwa kazi ileile, na kazi yake ilikuwa vyombo vya shaba: masinia, mabirika, vitasa, mabuli ya kahawa. Mama yangu, Mwanaidi, alizaliwa uani mwa nyumba ile akakulia humo mpaka alipoolewa na kuhamia Mtopanga. Hakuwahi kutuambia zaidi ya kwamba "tulikaa na watu wale". Alikuwa mpishi wa harusi, mwanamke wa mikono yenye nguvu na heshima yake mtaani, na kila tulipopita nyumba ile alinyoosha kanga yake na kuongeza mwendo.

Siku niliyorudi nikamwambia nimetumwa kwa Bi. Shamsa kuangalia saa, aliacha kupepeta mchele.

"Ulipita mlango upi?"

"Wa mbele, Mama. Mimi ni fundi."

"Ukaketi?"

"Niliketi."

"Kitini?"

"Kitini. Nikaletewa kahawa na haluwa."

Alinitazama kama niliyesema nimehiji. Kisha akaendelea na mchele wake, lakini kesho yake niliikuta kanzu yangu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na hakuna siku niliyotoka kwenda nyumba ile ambayo kanzu haikuwa hivyo. Sikumwambia kuwa haluwa ile sikuimaliza.

Saa yenyewe ilikuwa ya Kifaransa, ya kuwekwa juu ya kabati, ambayo baba yake Bi. Shamsa aliinunua mnadani zamani, Mfaransa mmoja alipokuwa akirudi kwao. Urefu wake ulitoka kwenye kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Mwili wote ulikuwa wa shaba iliyochorwa kwa kukatwa: majani, mashada, na juu kabisa chombo cha maua chenye masikio mawili. Katikati ya shaba hiyo zilipachikwa sahani za kauri za rangi ya buluu, na juu ya buluu mchoraji alichora mawaridi mazuri, na katika sahani moja mwanamke mwenye mabega wazi akicheza na njiwa. Mwanamke huyo alifunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, kikatolewa tu kwa ajili ya fundi. "Marehemu baba hakutaka kusali mbele yake," alinieleza Bi. Shamsa, bila kutabasamu. Uso wa saa ulikuwa wa kauri pia. Shaba yote ilikuwa imefunikwa na weusi wa miaka, moshi wa udi na wa taa za mafuta, hata ungeidhania chuma.

Nilipoileta dukani, Fundi Athmani aliifungua, akatia kioo jichoni, akasikitika kwa ulimi. Kamani, zile springi zinazoiendesha, zilikuwa nzima. Kilichokufa ni uzi wa hariri uliobeba timazi. Ulikuwa umeoza kwa chumvi ya hewa yetu. Alinituma kwa mshona kofia, nikaleta hariri ya kushonea kofia, naye akaipima na kuikata mara nyingi kabla hajaridhika. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini chumba chetu kilivuja, na mlango wake haukufungwa sawasawa, kwa hiyo tuliigawa saa: mashine ikabaki kwa Fundi ndani ya kasha, na mwili wa shaba na kauri ukapelekwa kwetu Mtopanga, kwenye chumba kikavu chenye kufuli. Fundi ndiye aliyeamua, nami niliona ni busara. Nilimwonyesha mama zile sahani za buluu nikamwambia zisiguswe hata kwa kidole, kwani zikipasuka hazina dawa. Shaba hatukuizungumza. Nani huzungumza na mpishi kuhusu shaba?

Zilikuwa siku za mwisho za Shaabani. Wenyeji wa pwani wanajua maana yake: kabla ya mwezi kuandama, kila nyumba hutoa vyombo vyake uani, na wanawake hukaa na ukwaju, majivu na makumbi ya nazi, wakasugua mpaka sinia iwe kioo. Nilirudi jioni nikaona mbele ya nyumba yetu masinia yamepangwa ukutani yakiota jua la mwisho. Mwisho wa mstari, juu ya kitambaa cheupe, ulikuwa umesimama mwili wa saa ya Bi. Shamsa, unang'aa kama birika la harusi.

Mama alitoka akijifuta mikono. Furaha iliyokuwa usoni mwake sijaiona tena.

"Kauri sikuigusa," alisema. "Nilipita pembeni kwa kijiti chenye kitambaa. Njoo utazame, hata tone la maji halikuingia. Kulikuwa na masizi hapo, mwanangu, ya kutosha kupaka mashua! Nilijiambia, hawezi kuipeleka nyumba ile hivi. Watasema nini?"

Nilitazama. Penye majani, penye mashada, penye masikio ya chombo, kila mahali palipoinuka pakashikwa na makumbi, palikuwa na rangi moja ya manjano makali, rangi ya shaba tupu. Ndani ya mikato tu, ambako mkono wake haukufika, palibaki kitu kingine, rangi nzito iliyotulia. Ilikuwa dhahabu. Chini ya ule weusi saa nzima ilikuwa imepakwa dhahabu.

Nilimwambia imependeza, nikaenda kumwita Fundi.

Fundi Athmani alikuja baada ya isha na taa yake. Mama alimpa kahawa. Aliugeuza mwili ule taratibu, akaweka kioo jichoni, akakiondoa, akakiweka tena. Nilijua ameona kabla hajafungua mdomo, na nilimwomba Mungu asiufungue.

"Bi. Mwanaidi," alisema hatimaye, "nani alikufundisha kusugua shaba?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Wallahi sijaona mkono kama huu." Akatafuna tambuu yake. "Lakini hii haikuwa ya kusugua. Wafaransa walikuwa wakiyeyusha dhahabu ndani ya zebaki, wakaipaka juu ya shaba, wakaichoma mpaka zebaki ipae. Inabaki dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hii ilitaka maji vuguvugu na brashi laini, basi. Weusi ungetoka, dhahabu ingebaki."

Mama alikuwa amesimama. Akaketi.

"Irudishwe," alisema. "Ipakwe tena."

"Moshi wa zebaki huua anayeupumua. Sijui kuifanya, na ningejua nisingeifanya."

"Basi hii sasa itakuwaje?"

"Itakuwa shaba, kama sinia lako. Itang'aa mwezi, kisha hewa ya bahari itaigeuza kijani, mpaka mtu aisugue tena." Aliinuka na taa yake. "Mimi ndiye niliyeipokea saa. Kesho nitakwenda kuieleza mwenyewe."

"Hutakwenda peke yako," alisema mama.

Tulikwenda watatu, mwili wa saa nimeubeba mimi. Fundi na mimi tulipiga hodi mlango wa mbele. Nilipogeuka, mama hakuwa nyuma yetu. Alikuwa amezunguka kwenda mlango wa uani, na alipotokea ukumbini alitokea upande wa jikoni, viatu mkononi. Bi. Shamsa alikuwa na wageni, mabibi wawili watatu wa ukoo wake waliokuja kumtakia mwezi mwema kabla haujaandama. Fundi alieleza yote, hakujipunguzia lawama hata kidogo. Alisema kazi ilikuwa mikononi mwake na hasara ni yake. Mama akamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mwanamume.

"Mkono ni wangu, Bi. Shamsa. Nakuomba radhi. Nimeambiwa itageuka kijani. Nitakuja kila Alhamisi niisugue, isigeuke."

Bi. Shamsa alikuwa ameipakata ile saa mapajani. Hakuonekana kukasirika, alionekana mtu aliyeamshwa usingizini. "Si lazima, Mwanaidi," alisema. "Ni shaba tu."

"Kwangu ni lazima."

Hapo mmoja wa mabibi wageni, mnene, mwenye kipini puani, aliinamia saa akaitazama kwa kuridhika. "Huyu si mtoto wa Faida?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetoa sifa. "Nilisema mimi. Mamake naye alikuwa na mkono wa shaba, hakuna mfano wake. Hebu tazama! Kazi hii haisahauliki." Wenzake wakaitikia kwa upole kwamba kweli, haisahauliki.

Nilikuwa nimeketi kitini, kikombe cha kahawa mkononi. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Sijui kama mmewahi kuona aibu inayowaka kuanzia magotini. Nilitaka kuinuka na sikuinuka, nilitaka kusema na hakukuwa na la kusema, maana lililosemwa lilikuwa sifa.

Alikwenda Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri mama yangu alitia ukwaju, majivu na makumbi katika pakacha, akafunga kanga, akapita kwa miguu kutoka Mtopanga mbele ya duka letu, mchana kweupe, kwenda kusugua shaba katika nyumba ambayo mamake aliisugulia. Mashine ya saa ilikuwa imerudishwa mahali pake, ilitembea vizuri na kugonga kengele kwa wakati, na Fundi alinituma kila Ijumaa kuitia ufunguo. Niliomba atume mtu mwingine. "Mtu mwingine yupi?" aliuliza, akazungusha macho katika chumba kilichokuwa na sisi wawili.

Kazi ziliendelea. Zililetwa saa za mkono zilizozama baharini, saa za mezani zilizoingiliwa na mende, na saa moja ya ukutani ya kanisa kutoka Frere Town ambayo tuliitoa kiota kizima cha ndege. Ningeweza kuwaandikia juu ya kila moja. Lakini nikisema kweli, miaka ile yote niliihesabu kwa Alhamisi. Nilijifunza kuwa na kazi ya nyuma ya duka saa ile anayopita. Akina baba waliokaa barazani mwa jirani, waliokuwa wakibishana kutwa kama mwambao ujitenge na Nairobi au la, na bendera gani itapandishwa, walinyamaza mama akipita, wakamwamkia kwa adabu, kisha mmoja wao hakukosa kunirushia maneno ndani.

"Ewe fundi! Uhuru uko mlangoni, na mamako bado yumo zamuni?"

Wengine wangecheka kidogo, si kwa ubaya. Nilimsihi aache. Nilimwambia amekwisha lipa kosa lake na zaidi. Nilimwambia watu wanasema.

"Wanasema nini?" aliuliza, na kwa kuwa sikuweza kulitamka neno lenyewe mbele yake, alifunga pakacha lake akatoka.

Dawa niliipata kwa maseremala. Wao huloweka lakiri katika spiriti, vipande vyembamba vinavyoyeyuka vikawa kama asali nyepesi, wakapaka juu ya mbao. Fundi Athmani aliniambia kuwa ipo pia ya shaba: ukiisugua shaba ikawa safi kabisa, ukaipasha moto kiasi ambacho mkono unaweza kukivumilia, ukapaka lakiri nyepesi kwa brashi ya manyoya bila kurudia mahali ulipokwisha pita, inafunga ngozi juu yake na hewa haiingii. Shaba iliyopakwa hivyo hukaa miaka bila kusuguliwa. Nilijizoeza juu ya vitasa na vikalio vya taa kwa muda mrefu, kwa sababu brashi ikiacha mstari mmoja kazi yote imekwisha. Huo ulikuwa mwaka wenyewe wa uhuru. Nilipoona naweza, nilikwenda kwa Bi. Shamsa nikamweleza, nikamwomba ruhusa.

Alipitisha kidole juu ya shaba. "Kwa hiyo haitageuka tena?"

"Haitageuka."

"Na Mwanaidi hatakuja?"

"Hatahitajika kuja, Bi. Shamsa."

Alivuta kitambaa kilichofumwa akamfunika yule mwanamke wa njiwa, akakilainisha kwa vidole. "Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Ilinichukua siku tatu, katika chumba kimoja cha nyumba ile. Nilivua kauri moja moja nikazifunga kwa pamba, nikasafisha shaba, nikaipasha, nikapaka nikiwa nimefunga milango vumbi lisiingie. Nilipoiunganisha tena, hata Fundi, alipokuja kuitazama, alisema haoni brashi ilipopita, na yeye hakuwa mtu wa kusema hivyo. Sikujisifu, wala sikusubiri kusifiwa. Jumatano nilimweleza mama kwamba saa imepata dawa na Alhamisi zake ni zake sasa. Alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa. "Ahsante," alisema.

Dukani tulizoea kuangalia lakiri baada ya siku moja, kama imekauka sawa pembeni. Nilichagua kesho yake, Alhamisi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu miaka ile nilikuwa na hakika ya kutomkuta mama pale. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kabla sijapiga hodi nilisikia sauti kutoka ukumbini.

"Si hivyo, Shamsa. Wazunguka kama unayekoroga uji. Vuta ndia moya, uende uki­rudi."

"Mkono wanichoka."

"Haujachoka huo. Haujaanza."

Nilisimama kizingitini. Walikuwa wameketi mkekani, wanawake wawili wa umri mmoja, miguu wameinyoosha, saa katikati yao juu ya gunia. Mikono ya Bi. Shamsa ilikuwa myeusi mpaka penye bangili. Lakiri yangu ilikuwa imebanduka vipande vipande. Maji ya majivu huila lakiri haraka kuliko spiriti, jambo ambalo maseremala hawakuniambia na mama hakuhitaji kuambiwa. Kando yao palikuwa na sinia la mahamri lililoliwa nusu, na vikombe viwili. Kwa jinsi kila kitu kilivyokaa mahali pake ilionekana wazi kwamba mkeka ule, na vikombe vile, havikutandikwa leo kwa mara ya kwanza.

Mama aliniona. "Ndoo, ingia ndani. Mbona umesimama kama mdai?"

"Mama, mmefanya nini?"

"Kulikuwa na gamu. Tumeitoa."

"Ile ni dawa, Mama. Nilikwambia. Niliipaka ili usiwe..."

Bi. Shamsa aliacha kusugua, akanitazama chini ya ushungi wake. "Maliza," alisema. "Wewe si umesoma chuo?"

"Ili usiwe unakuja kusugua nyumba za watu."

Mama aliweka makumbi chini, akafuta mikono yake pole pole kwenye gunia, kidole kwa kidole, kama afanyavyo kabla ya kuonja chakula cha harusi.

"Siku ile ya wageni, uliona haya?"

"Niliona."

"Hata mimi. Nililia ndia nzima mpaka Mtopanga, nimejifunika uso watu wasinione. Alhamisi yake nikaja, nikaketi hapa, haya zikanitoka. Wajua kwa nini? Mama yangu hakuja nyumba hii kwa miguu yake. Aliletwa. Na siku zote alizosugua hapa hakukuwa na siku moja angeweza kusema, leo siji. Mimi naweza. Kila Alhamisi nikiamka nasema, Mwanaidi, leo waweza kutokwenda. Kisha nafunga pakacha langu naja." Akaokota makumbi yake tena. "Wewe mwanangu ukaleta dawa ya kunizuia."

Bi. Shamsa alikuwa ameinamia saa, akisugua sikio la kile chombo cha maua, vibaya, kwa kukoroga.

Nilivua viatu. Sikujua niketi wapi, na mama alisogea kunipa nafasi mkekani, upande wa jua, akanitupia kipande cha makumbi.

"Uliyoipaka wewe utaitoa wewe," alisema. "Na kauri usiiguse."

Nikaketi kati yao nikasugua kazi yangu ya siku tatu, iliyokuwa ikitoka kama ngozi ya jeraha na kujificha chini ya kucha zangu, na wao wakarudi kwenye mazungumzo niliyoyakatiza, ya bibi harusi mmoja wa Mtopanga ambaye hakuna aliyeridhika na mchumba wake, wakicheka juu ya kichwa changu kana kwamba mimi sipo.